Wanauza hewa? Misitu ya vijiji vya Nepal na hesabu ya hewa ukaa

Kuna tafsiri moja iliyotuharibia mjadala wa biashara ya kaboni tangu mwanzo. Kile Waingereza wanachokiita "carbon credits", vyombo vyetu vingi vya habari huandika "mikopo ya kaboni". Msomaji akikutana na neno mkopo anafikiria deni: nani kakopa, riba ni kiasi gani, na kijiji kikishindwa kulipa watachukua nini, msitu? Nimeshaulizwa maswali hayo na watu wazima wenye akili zao timamu, na sikuwalaumu, kwa sababu neno lenyewe ndilo linalopotosha. Hakuna anayekopeshwa. Kinachouzwa ni hati, ambayo siku hizi ni namba tu kwenye daftari la kompyuta, inayothibitisha kwamba tani moja ya hewa ukaa iliyokuwa iende angani haikwenda, au iliyokuwa angani imevutwa ikarudi ardhini. Hapa nitaiita hati ya kaboni.

Kundi la pili limetoka upande mwingine kabisa. Hawa wanasema wazungu wamekuja kununua hewa, na kwamba kijiji kikishasaini hata kuokota kuni ni jela. Hili nalo lina chembe ya ukweli ndani yake, na chembe hiyo tutaifikia.

Ili tuielewe biashara hii bila kugombana kuhusu vijiji vyetu wenyewe, naomba tusafiri hadi Nepal. Nchi ile ndogo chini ya Himalaya imeishi na misitu ya jamii kwa zaidi ya miaka 40. Wamefanya makosa mapema, wamerekebisha mapema, na fedha za kaboni ziliwakuta tayari wana vikundi, katiba na madaftari ya mahesabu. Kwa hiyo Nepal tunaweza kuona kipi kimeletwa na msitu wa jamii na kipi kimeletwa na kaboni. Watu wengi huvichanganya vitu hivi viwili.

Kwanza, ukaa

Aliyetunga neno hewa ukaa bila shaka alikuwa anaangalia jiko. Kaa la moto, makaa, mkaa, ukaa: yote ni ukoo mmoja. Mchoma mkaa anapolifunika tanuri lake kwa udongo, anaunyima mti hewa usiishe, na kinachobaki ni kile kitu cheusi ambacho kwa sehemu kubwa ni kaboni. Kiwashe jikoni, upike maharage, na mwisho wa siku kwenye jiko kuna jivu la kujaza kiganja. Ule uzito wote wa mkaa umekwenda wapi? Umeshikana na oksijeni na kupaa kama hewa ukaa.

Mti hai unaifanya safari hiyo kinyumenyume. Unaivuta hewa ukaa kwa majani, unaitoa oksijeni, na kaboni unaijengea shina, matawi na mizizi. Ukiukausha mti kabisa, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Na kwa kuwa kila chembe ya kaboni inapoungua hubeba chembe mbili za oksijeni, hewa inayotoka ni nzito kuliko kaboni yenyewe kwa takriban mara 3.67. Mti wenye uzito mkavu wa kilo 1,000 una kilo 500 za kaboni, na ukiungua wote unatoa hewa ukaa kilo 1,830 na ushei.

Kwa hiyo msitu ni ghala. Ukilichoma au kulikata na kuliacha lioze, mali iliyomo inapaa. Ukiliacha likue, mali inaongezeka. Mwaka 2005, kwenye mkutano wa tabianchi wa Montreal, Papua New Guinea na Costa Rica ziliuliza swali ambalo lilikuwa halijajibiwa: kama kiwanda kinaweza kulipwa kwa kupunguza moshi, kwa nini nchi ya misitu isilipwe kwa kupunguza ukataji? Mkutano wa Bali wa 2007 ukalikubali wazo hilo, na ukazaliwa mpango ambao dunia inauita REDD. Watanzania waliupa jina MKUHUMI: kupunguza hewa ukaa itokanayo na ukataji miti ovyo na uharibifu wa misitu. Baadaye iliongezwa alama ya kujumlisha mwishoni mwa jina lile, kuonyesha kwamba si kuacha kukata tu kutakakohesabiwa, bali pia kutunza na kuotesha upya. Ile alama ndogo ya kujumlisha ilipiganiwa, na kwa nchi kama Nepal, kama tutakavyoona, ilikuwa na uzito kuliko herufi zote nne.

Msitu uliorudi kabla ya pesa

Mwaka 1957 serikali ya Nepal ilipitisha sheria ya kutaifisha misitu binafsi. Nia ilikuwa kuyanyang'anya mapande makubwa kutoka kwa mabwanyenye. Lakini kijijini sheria ilisomeka tofauti: msitu uliokuwa wetu sasa ni wa serikali. Na mali ya serikali, kila mtu anajua inavyotunzwa. Askari wa misitu walikuwa wachache, milima ilikuwa mirefu, na ukataji ukashamiri. Wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani sheria ile pekee ilisababisha uharibifu, maana idadi ya watu nayo ilikuwa inaongezeka na mashamba yanapanda milimani. Lakini serikali yenyewe ilikiri imeshindwa. Mwaka 1978 ilitoa kanuni za kukabidhi misitu kwa mabaraza ya vijiji, na baada ya kujifunza kwamba baraza la kisiasa si sawa na watu wanaotumia msitu, mwaka 1993 ikapitisha sheria ya misitu inayosifiwa hadi leo.

Sheria ya 1993 ilisema hivi kwa lugha ya kawaida. Ardhi inabaki ya serikali. Lakini watu wanaoutumia msitu fulani, wale wanaokata majani ya ng'ombe pale na kuokota kuni pale, waunde kikundi, waandike katiba, wachore mipaka, wakubaliane mpango wa kutumia na kutunza, na afisa misitu wa wilaya akiukubali mpango huo, mazao ya msitu ni yao. Wakiuza mbao, pesa inaingia kwenye mfuko wa kikundi, na angalau asilimia 25 irudi msituni. Nyingine imejenga shule, imechonga barabara, imevuta maji. Hivi leo kuna vikundi zaidi ya 22,000 vinavyosimamia zaidi ya hekta milioni 2, na kaya zipatazo milioni 3 ni wanachama. Mwongozo wa 2009 ulitaka nusu ya wajumbe wa kamati wawe wanawake, na kati ya mwenyekiti na katibu mmoja awe mwanamke. Sababu yake haihitaji kueleza sana: anayebeba kuni mgongoni ndiye anayeujua msitu.

Matokeo yalionekana hadi angani. Utafiti uliofadhiliwa na NASA ulilinganisha picha za setilaiti na kukuta kwamba misitu ilifunika asilimia 26 ya Nepal mwaka 1992, na asilimia 45 mwaka 2016. Milima iliyokuwa na vipara imeota nywele.

Tusiwape sifa zote wanakamati, hata hivyo. Katika miaka hiyohiyo vijana wa Nepal waliondoka kwa mamia ya maelfu kwenda Malaysia na Ghuba. Ukiwa umewahi kufanya kazi Doha au Maskati umewakuta, pengine mmelala chumba kimoja. Pesa walizotuma zilinunua mitungi ya gesi na mchele wa dukani, na mashamba ya miteremkoni yakaachwa yakarudi kuwa vichaka. Mpango mkubwa wa mitambo ya gesi ya samadi, ulioanza 1992, nao ulipunguza mzigo wa kuni. Msitu ulirudi kwa sababu watu waliulinda na pia kwa sababu wengine waliacha kuuhitaji kila asubuhi.

Angalia sasa miaka. Sehemu kubwa ya msitu huu ilirudi bila mtu yeyote kulipwa senti ya kaboni.

Mlinzi wa usiku

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo twende taratibu.

Chukua mtaa wenye wizi. Wakazi wanachanga na kumwajiri mlinzi wa usiku. Wanakubaliana kumlipa kwa kila wizi aliouzuia. Mwisho wa mwezi mlinzi anakuja: "Nimezuia wizi mara kumi." Utajuaje? Wizi ambao haukutokea hauna ushahidi. Njia pekee ni kuangalia nyuma: kabla hajaja, kwa mwezi mtaa ulikuwa unaibiwa mara ngapi? Kama ilikuwa mara kumi na mbili, na mwezi huu umeibiwa mara mbili, basi kumi ndiyo kazi yake. Ile kumi na mbili inaitwa kiwango cha msingi. Biashara yote ya kaboni ya misitu imeegemea namba hiyo moja, ambayo ni makisio ya jambo ambalo halikutokea.

Ukiishaona hivyo, udanganyifu unajieleza wenyewe. Mlinzi mjanja atasema mtaa huu bila yeye ungeibiwa mara hamsini. Januari 2023 gazeti la Guardian na wenzake walichapisha uchunguzi uliodai kuwa zaidi ya asilimia 90 ya hati za misitu ya mvua zilizoidhinishwa na Verra, shirika kubwa kuliko yote la kuidhinisha hati hizi, hazikuwakilisha upungufu halisi wa hewa ukaa. Verra ilipinga hesabu hizo. Lakini ugomvi wote ulikuwa juu ya kiwango cha msingi: mngeibiwa mara ngapi?

Kuna mtego wa pili. Mwizi aliyefukuzwa mtaa wako huenda amehamia mtaa wa jirani. Kijiji kikifunga msitu wake, watu wakaenda kukata ng'ambo ya mto, angani hakuna kilichobadilika. Na wa tatu: mwizi anaweza kurudi mwakani. Kuni zilizookolewa mwaka huu zikiungua kwa moto wa msituni mwaka ujao, hati iliyokwisha kuuzwa inakuwa karatasi tupu. Ndiyo maana miradi hulazimika kuweka kando sehemu ya hati zake kama akiba ya tahadhari, mithili ya mfuko wa jamii kwenye kikoba: haugawiwi, unangojea msiba.

Na sasa mlinzi wa Nepal. Huyu alianza kazi miaka 20 kabla mchango haujaanzishwa. Wezi alishawafukuza. Siku wakazi wanapokuja na daftari la malipo wanamuuliza mtaa huu unaibiwa mara ngapi, naye kwa uaminifu anajibu hauibiwi. Basi, wanamwambia, hapa hakuna cha kulipia. Jirani yake aliyelala miaka yote, mtaa wake ukibebwa hadi mabati, huyo ndiye mwenye namba nzuri za kuanzia.

Hili ndilo jambo ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Fedha za kaboni hulipia mabadiliko. Hazilipii wema. Ule mti wa kilo 1,000 niliouhesabu juu hauna mshahara kwa kusimama. Unalipiwa kama ilikuwa ukatwe haukukatwa, au kama mwaka huu umenenepa kuliko ilivyotarajiwa. Ndiyo maana ile alama ya kujumlisha iliwahusu sana Wanepali: kwa kunenepa kwa miti angalau wana cha kudai.

Tepu, matabaka na dola

Kati ya 2009 na 2013 Nepal ilifanya jaribio. Kituo cha utafiti wa milima ICIMOD, pamoja na FECOFUN, ambalo ni shirikisho la vikundi vya watumiaji wa misitu lililoundwa 1995, na shirika la ANSAB, walichukua vikundi 105 katika mabonde matatu: Kayarkhola wilayani Chitwan, Ludikhola wilayani Gorkha na Charnawati wilayani Dolakha. Zaidi ya hekta 10,000 kwa ujumla. Mfadhili alikuwa Norway, ambayo mwaka 2008 ilikuwa imeahidi fedha kwa ajili ya MKUHUMI Tanzania pia. Wanakijiji walifundishwa kupima. Unasimama kwenye eneo lililowekewa alama, unazungusha tepu kwenye shina mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua, unaandika unene na aina ya mti: sal upande wa tambarare, misonobari na chilaune juu zaidi. Mwaka unaofuata unarudi kwenye shina lilelile. Jedwali la hesabu linafanya yaliyobaki. Kwa hiyo anayesema kupima kaboni ni kazi ya wataalamu wa ndege na suti hajaona kina mama wa Gorkha wakifanya.

Mwaka 2011 malipo ya kwanza yalitoka: takriban dola 95,000 kwa vikundi vyote 105. Gawanya. Ni kama dola 900 kwa kikundi. Kaya zilikuwa zaidi ya 16,000, kwa hiyo kama kila moja ingepewa fungu lake mkononi, ingepata karibu dola 6 kwa mwaka. Ni pesa ya kununulia sukari na majani ya chai kwa mwezi mmoja au miwili, ukibana.

Namna walivyogawana ndiyo iliyonivutia kuliko kiasi chenyewe. Kaboni ilihesabiwa asilimia 40 tu: 24 kwa kaboni iliyokuwemo msituni tayari, 16 kwa iliyoongezeka. Umeona walichofanya? Ile 24 ni kumlipa mlinzi aliyeanza mapema, jambo ambalo soko la kawaida lisingelifanya. Asilimia 60 iliyobaki ilitegemea ni akina nani wanaishi ndani ya kikundi: 20 kwa idadi ya kaya maskini, 15 kwa wanawake, 15 kwa Dalit, 10 kwa makabila ya asili. Dalit ni watu wa matabaka yaliyokuwa yakibaguliwa kwa kuzaliwa, na ndani yao wamo wahunzi. Mhunzi anahitaji mkaa. Kamati ya msitu inayoongozwa na wenye mashamba makubwa ikipiga marufuku mkaa ili msitu unenepe, mwenye shamba ana miti yake nyumbani, ng'ombe wake anakula majani ya shambani kwake. Mhunzi amefungiwa kiwanda. Msitu wa jamii una jamii ndani yake, na jamii ina wakubwa na wadogo. Waliopanga fomyula ile walijua.

Baada ya majaribio ikaja shughuli kubwa. Februari 2021 Nepal ilitia saini mkataba na mfuko wa kaboni wa misitu ulio chini ya Benki ya Dunia: hadi dola milioni 45 kwa tani milioni 9 za hewa ukaa hadi 2025, katika wilaya 13 za ukanda wa Terai, ile tambarare ya kusini yenye faru na chui-milia. Piga hesabu mwenyewe: dola 5 kwa tani. Vietnam ilipata bei hiyohiyo: Machi 2024 Benki ya Dunia ilitangaza kwamba nchi hiyo imelipwa dola milioni 51.5 kwa tani milioni 10.3 kutoka mikoa sita ya kaskazini-kati. Neno "hadi" kwenye mkataba wa Nepal lisikupite. Malipo huja baada ya tani kupimwa na kuhakikiwa. Usipozifikisha, hupati. Magazeti hupenda kuandika kwamba nchi "imepokea" mamilioni siku ya kusaini, na wanakijiji wakisoma hivyo wanaanza kuuliza mwenyekiti kazipeleka wapi.

Tuchukue mfano wa kufikirika ili uone ukubwa wa fungu. Tuseme kikundi kina hekta 100, na kila hekta inaongeza tani 5 za hewa ukaa kwa mwaka juu ya kiwango cha msingi, jambo ambalo ni zuri sana kwa mlima wenye baridi. Ni tani 500, yaani dola 2,500. Toa gharama za upimaji, uhakiki, ofisi za wilaya na mji mkuu. Tuseme inabaki 1,500 na kaya ni 150. Dola 10 kwa kaya. Kwa kaya hiyohiyo, majani ya mifugo na kuni za mwaka mzima kutoka msitu uleule ni uhai wenyewe. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama kaboni itawatajirisha wanavijiji wa Asia, namuuliza kama posho ya kikao imewahi kumtajirisha mwalimu. Ni pesa, inafaa, inaweza kumlipa mlinzi wa doria na kununua vifaa vya kuzima moto. Ila mshahara ni kitu kingine.

Chembe ya ukweli

Turudi kwa wale wanaosema misitu inauzwa. Kisheria hati ya kaboni haihamishi ardhi. Nepal watu wanaendelea kukata mbao na kuni kwa mpango wao walioukubali, na wanaendelea kuvuna dawa na matunda. Lakini hati inazua swali ambalo zamani halikuwepo: ile kaboni iliyo ndani ya mti ni ya nani? Sheria ya 1993 iliongelea kuni, mbao, majani. Haikuongelea kaboni, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiifikiria. Shirikisho la vikundi limekuwa likisisitiza kwamba aliyeotesha ndiye mwenye mali. Serikali nayo ndiyo inayosaini na Benki ya Dunia. Sheria mpya ya 2019 inazitaja huduma za mazingira ikiwemo kaboni, na ubishi sasa ni juu ya mgawanyo.

Ukitaka kuona mambo yanavyoweza kwenda mrama, vuka hadi Cambodia. Mkoa wa Oddar Meanchey, mpakani na Thailand, ulianza mwaka 2008 mradi wa kaboni uliounganisha misitu 13 ya jamii, zaidi ya hekta 64,000. Mmoja wa vinara wake alikuwa mtawa wa Kibuddha, Bun Saluth, aliyeufanya msitu wa Sorng Rukhavorn kuwa mahali patakatifu, akaifunga baadhi ya miti nguo za kitawa ili mwenye shoka aone aibu. Msitu wake ulishinda tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2010. Kwa karatasi mradi ulikuwa na kila kitu. Lakini mzozo wa mpaka ulileta wanajeshi na kambi zao, wahamiaji walikuja kutafuta ardhi, na wanakijiji wa doria wakiwa mikono mitupu walikutana na watu wenye silaha. Sehemu kubwa ya misitu kadhaa ya mradi ilikatwa. Wanakijiji walikuwa na wajibu wa kulinda bila nguvu ya kumzuia mkubwa, na hakuna hati ya kaboni inayoweza kuwapa nguvu hiyo.

Kusini mwa nchi hiyohiyo, kwenye milima ya Cardamom, tatizo lilikuwa la namna nyingine. Mradi mkubwa wa kaboni ulisimamishwa na Verra Juni 2023 uchunguzwe, na Februari 2024 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa ripoti ikidai kwamba watu wa kabila la Chong hawakuulizwa kabla na baadhi yao waliondolewa mashambani mwao. Waendeshaji walikanusha, na Septemba 2024 Verra iliurudisha mradi. Ukitaka kipimo cha kutenganisha miradi, uliza kuhusu ridhaa: je, watu waliulizwa mapema, wakaelezwa kwa lugha yao, na walikuwa huru kusema hapana? Mkutano wa kijiji unaoitishwa baada ya mkataba kusainiwa ni taarifa tu, hata kama kuna soda.

Kuna lawama nyingine ambayo ni nzito na siwezi kuifukuza: kwamba kampuni ya ndege au mafuta hununua hati ili iendelee kutoa moshi kwa raha zake. Hutokea. Ila si kila malipo ya kaboni ni hayo. Katika mkataba wa Vietnam niliouongelea, sehemu kubwa ya tani zilizolipiwa ilibaki kwenye hesabu ya Vietnam yenyewe, isaidie kutimiza ahadi yake ya tabianchi. Kwa hiyo kabla ya kukasirika uliza: tani hii inaandikwa kwenye daftari la nani? Ikiandikwa kwenye madaftari mawili, yaani nchi inajisifia nayo na kampuni inajisifia nayo, hapo kuna wizi wa wazi wa hesabu.

Kwa wasomaji wa kwetu, maswali ni yaleyale. Kenya ilibadilisha sheria yake ya tabianchi mwaka 2023 na kuweka kwamba miradi ya ardhini itoe angalau asilimia 40 ya mapato kwa jamii. Tanzania ilitoa kanuni zake za biashara ya kaboni mwaka 2022, na tangu sheria ya misitu ya 2002 kijiji kinaweza kumiliki hifadhi yake ya msitu. Kwa hilo tumewatangulia Wanepali, ambao ardhi bado ni ya serikali. Mikoko Pamoja, pale Gazi katika Kaunti ya Kwale, wamekuwa wakiuza hati za mikoko kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na maji na vifaa vya shule vilivyonunuliwa kwa fedha hizo vinaonekana. Kama mwakilishi wa mradi atafika kijijini kwenu wiki ijayo, muulize kiwango cha msingi ni kipi na nani alikikokotoa, mkataba ni wa miaka mingapi, na gharama zipi zinatolewa kabla ya asilimia yenu kuhesabiwa. Asilimia 60 ya kilichobaki inaweza kuwa ndogo kuliko asilimia 30 ya kilichoingia.

Jaribio la Nepal liliisha mwaka 2013 na fedha za Norway zikaishia hapo. Vikundi vya Kayarkhola, Ludikhola na Charnawati havikuanzishwa na mradi ule, na kuisha kwake hakukuvunja katiba zao. Ng'ombe bado wanasubiri majani, na kamati bado inapaswa kuitisha mkutano wa mwaka kuamua msitu utafunguliwa siku gani na kila nyumba itoke na mizigo mingapi.